Vipimo vya Bwana Kimya

3 Februari

Shikamoo Bibi,

Barua yako ya Januari nimeipata, soksi nimezipata, na zimenitosha. Usiniulize tena kama zimenitosha. Miguu yangu iliacha kukua nikiwa na miaka kumi na saba, na sasa nina ishirini na sita.

Nina ombi. Unajua kazi yangu hapa dukani ni kutengeneza kompyuta za watu: za ofisini, za wanafunzi, na ya yule kinyozi anayeimwagia yake chai kila mwezi. Zote zinafanana, masanduku meusi, utadhani zimezaliwa tumbo moja. Mimi nataka kutengeneza moja kwa mikono yangu kuanzia ganda. Nimeamua: kasha la fuvu. Bosi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema nikilimaliza, na likiwa halifukuzi wateja, ataliweka dirishani ili watu wajue duka lina fundi, si mtu wa kubadilisha betri tu.

Nimejaribu kulichora kwa kuangalia picha. Linatoka kama boga lenye njaa. Ndipo nikamkumbuka Bwana Kimya, lile fuvu la plasta ulilokuwa ukitufundishia darasani. Bado yupo juu ya kabati lako? Naomba unipimie urefu, upana, kimo, na hasa matundu ya macho, kwa sababu humo nitaweka feni mbili za kutolea joto. Kila kipimo nitakizidisha mara mbili. Feni zenyewe zina milimita themanini, kwa hiyo hapo kwenye macho usinionee haya, nipimie kwa kwelikweli.

Ningekupigia simu ningeshapata jibu, lakini wewe na simu mlishaachana. Mara ya mwisho nilisema nina mafua, ukamtangazia jirani kwamba ninaoa.

Mumeo,
Fundi


12 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nimeisoma sentensi yako moja mara tatu, na nakuomba uisome nawe. "Kasha la fuvu." Hilo "la" ni neno dogo lenye kazi nyingi. Kasha la nguo ni kasha la kuwekea nguo. Kasha la mbao limetengenezwa kwa mbao. Kasha la fundi ni mali ya fundi. Kwa hiyo kwa dakika kumi nzima nilikuwa na mjukuu mwenye fuvu la mtu mkononi, anatafuta pa kulificha, na nilishaanza kufikiria tutampata wapi wakili. Siku nyingine andika "kasha lenye umbo la fuvu", uniepushie presha.

Bwana Kimya yupo. Nilimfinyanga mwaka wangu wa tatu wa ualimu, kwa sababu shule haikuwa na mfano wa mifupa na nilichoka kuchora ubaoni. Hajawahi kunijibu vibaya, sifa ambayo babu yako hakuwa nayo.

Haya, andika. Urefu kutoka komo hadi kisogo, milimita 180. Upana juu ya masikio, 140. Kimo bila taya la chini, 134. Tundu la jicho la kulia, upana 40. La kushoto, 46. Usishangae macho kutolingana. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili. Jitazame kwenye kioo, ziba nusu, kisha ziba nusu ya pili, utaona ni ndugu wawili wasiofanana sana. Plasta nayo hucheza kidogo inapokauka.

Jambo la pili. Usitoboe matundu ovyo ya kupitishia nyaya zako. Fuvu limeshafikiria hilo kabla yako. Chini, karibu na kisogo, kuna tundu moja kubwa ambamo uti wa mgongo hupita kwenda kwenye ubongo. Ndilo mlango wa nyaya zote za mwili. Pitisha zako hapo hapo, na mtu yeyote aliyesoma atakapoligeuza atakuheshimu.

Na kumbuka fuvu si mfupa mmoja. Ni mifupa ishirini na miwili iliyoshikana. Ukiona limekushinda, usilaumu mikono, ni kazi ya mifupa ishirini na miwili.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


12 Februari

Binti yangu,

Natumaini wodi yako imetulia na zamu za asubuhi zimerudi. Nakuandikia leo leo baada ya kumwandikia mwanao, kwa sababu yeye nimemwambia mengi na hili sikumwambia.

Yule daktari wa macho uliyenielekeza kwake nilikwenda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto sasa ni ukungu mtupu. La kulia naona kama ninatazama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Amesema niandikishwe kupasuliwa, na kwamba nikiendelea kuahirisha, kabla mwaka haujaisha sitasoma tena. Nilimshukuru, nikachukua mkoba, nikatoka. Sikuandikisha chochote.

Usiniulize kwa nini. Najua utakachosema, na najua unakisema kila siku kwa watu wengine. Masikio yalishaniaga. Mwanao nikimsikiliza kwenye simu nasikia maji yanachemka. Barua ndiyo mlango pekee uliobaki kati yangu na yeye, na bado nausukuma kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, nikikaa dirishani kuanzia saa nne mpaka jua linapohama. Mshonaji wa nyumba ya pili amejitolea kunisomea. Ana moyo mzuri na mdomo mrefu. Nimemwambia asante, bado.

Nakuomba jambo moja: usimwambie. Ana kazi aliyoipenda, ana bosi anayemtazama. Leo nimempimia fuvu, na pale macho yaliposhindwa nimetumia vidole. Nafikiri sikukosea.

Mama yako


2 Machi

Shikamoo Bibi,

Kazi inakwenda. Nimelikata fuvu kama mkate. Yaani nimechora umbo lake vipande vipande kwenye plaiwudi ya milimita kumi na mbili, nikakata kila kipande kwa msumeno, nikavipanga kimoja juu ya kingine kwa gundi. Unajua vimekuwa vipande vingapi? Ishirini na viwili, bila mimi kutaka. Nikamwambia Bosi hiyo ni sayansi. Akaniambia nifagie unga wa mbao.

Sasa ngazi zile za kati ya kipande na kipande nazijaza puti ile ya mafundi wa magari, ikikauka napiga msasa, najaza tena, napiga tena. Vidole vyangu havina alama tena. Nikiiba benki hawanipati. Ndani nimeacha nafasi ya bodi kubwa, ile ambayo sisi mafundi tunaiita mama kwa sababu kila kitu kinamtegemea yeye. Nyaya nimezipitisha pale kisogoni ulipoelekeza. Kinyozi alikuja na kompyuta yake yenye chai, akaligeuza fuvu, akasema, "Hee, hata uti wa mgongo mmekumbuka?" Nikasema kwetu tumesoma.

Tatizo ni jicho la kushoto. Feni ya kulia imeingia kama imezaliwa mle. Ya kushoto inaogelea. Nimelikata tundu milimita tisini na mbili, mara mbili ya 46 yako, na feni inacheza na kupiga kelele kama bati kwenye upepo. Bosi akasema fuvu lina chongo. Nikamjibu kwamba hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, kama ulivyonifundisha, na kwamba Bibi yangu hajawahi kukosea kipimo tangu azaliwe. Ila nakuuliza: nilizibe, au niliache lilivyo?

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha. Tazama mashavu na paji la uso, uniambie ukweli kama mwalimu, si kama mke.

Mumeo,
Fundi


11 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba, na hongera. Umeomba mwalimu, utampata mwalimu.

Picha nimeitazama kwa makini. Paji la uso ni zuri sana, pana, na umelipiga msasa mpaka linang'aa. Sikutarajia weupe ule. Mashavu, hapo umenitia shaka. Yamejaa mno. Mfupa wa shavu ni kama mpini wa kikombe, unatoka kisha unarudi, na chini yake kuna uwazi. Wewe umeweka mto. Punguza puti. Shingo hukuhitaji kuiweka kabisa, tena nene kiasi hicho, ila kama ni ya kusimamishia sitabishana. Meno yamekaribiana. Kwa jumla lina sura ya mtu mtulivu ambaye hakuna kilichowahi kumkosesha usingizi, na hilo ni jambo gumu kulipata kwenye fuvu. Bwana Kimya mwenyewe hana.

Jicho la kushoto liache. Ukishaanza kusawazisha kila kitu utaishia na kinyago.

Soksi nyingine nimeanza kuzifuma. Najua umenikataza kuuliza kama zile zilikutosha, kwa hiyo siulizi. Nakufahamisha tu kwamba nimeongeza mafundo mawili.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


17 Machi

Shikamoo Bibi,

Picha uliyoitazama ni ya Bosi.

Siku ile tulipiga picha mbili kwa pamoja, ya fuvu na yake ya kubandika kwenye fomu ya leseni ya duka. Bahasha zilikuwa mbili juu ya meza, nikazichanganya. Yeye alishapaka gundi nyuma ya picha ya fuvu, kidogo tu aibandike, ndipo alipogundua. Akacheka. Baadaye barua yako ikaja, na kwa bahati mbaya niliifungua mbele yake, na kwa bahati mbaya zaidi niliisoma kwa sauti kabla sijaelewa. Tangu hapo amesimama mbele ya kile kioo cha choo mara nne. Leo asubuhi ameniuliza, "Huo mto kwenye mashavu, yeye kauona wapi?" Lile la sura ya mtu mtulivu amelipenda, anasema ni kweli.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikasema, Bibi kaona ni Bosi, ameamua kumtania. Nikaisoma tena nikitafuta mahali ulipokonyeza. Sikupaona. Ulikuwa unafundisha.

Nikachukua barua zako zote, nikazipanga mezani kwa tarehe. Za mwaka juzi mistari yako imenyooka kama imepigwa rula. Za mwaka jana inapanda kidogo. Hii ya mwisho inapanda mlima, na sentensi mbili umeziandika moja juu ya nyingine. Nilidhani unaandika kwa haraka. Wewe, ambaye hujawahi kufanya kitu kwa haraka.

Halafu ile 46. Nikamuuliza Mama kwenye simu kama Bwana Kimya ana macho tofauti. Hakunijibu ndiyo wala hapana, alisema tu, "Muulize bibi yako mwenyewe."

Nakuuliza basi. Bibi, unaona?

Mjukuu wako


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Naona.

Hilo ndilo jibu nililoandika siku barua yako ilipofika, nikalitia kwenye bahasha, nikaibandika stempu. Kisha nikakaa nayo karibu wiki mbili. Bahasha hiyo nimeichana leo kwa sababu sijawahi kukudanganya, na hata kwenye ile ya vipimo niliona vibaya lakini sikudanganya. Au labda nilidanganya. Nilipoona namba mbili hazilingani nilipaswa kupima upya. Badala yake nilizitafutia maelezo. Mtu akifundisha miaka thelathini na mitatu anapata ugonjwa huo: kila kitu anaweza kukieleza, hata makosa yake.

Ni mtoto wa jicho. Mama yako anajua, na usimlaumu, nilimfunga mdomo. Daktari anataka kupasua. Mimi sitaki.

Utasema ni jambo dogo. Kila mtu anasema ni jambo dogo, na kila anayesema hivyo hajapata kufungua jicho. Mimi nimefungua. Kila muhula wa pili, mwaka baada ya mwaka, nilileta macho ya ng'ombe darasani kwenye ndoo, na nilipasua la kwanza mbele ya wanafunzi kwa mkasi. Najua jinsi ngozi ile nyeupe inavyokaza, najua kioo cha mbele kinavyojikunja, najua ute unavyomwagika na kila kitu kinavyolegea na hakirudi tena. Wagonjwa wengine wanalala pale hawajui. Mimi nitakuwa nimelala nikijua kila sauti ni ya nini.

Kwa hiyo nimeamua kutumia hiki kilichobaki mpaka kiishe. Nikishindwa kabisa, mshonaji atanisomea. Utakuwa mwangalifu tu na unayoandika, maana yatafika sokoni kabla sijayaelewa.

Mwombe radhi bosi wako. Mwambie paji la uso nililisifu kwa dhati.

Bibi


9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Radhi imefika. Anasema sifa ya paji la uso anaikubali, ya shingo anaitafakari.

Jicho la kushoto la fuvu nimeshalirekebisha. Nilikata pete ya plaiwudi, nikaigandisha ndani, nikasawazisha kwa puti. Feni sasa imetulia. Nililiwasha jana, macho yote mawili yakazunguka, taa nyekundu ndani, upepo ukatokea puani. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua chaja alisahau chaja.

Sitabishana nawe. Mama amebishana na hakushinda, na yeye ni muuguzi. Mimi ni mtu wa skrubu.

Nina swali moja tu, na nakuuliza kama mwanafunzi. Unakumbuka lile somo la macho ya ng'ombe, mwaka ulionifundisha? Uliinua mkasi, mimi nikatoka mbio nikaenda kutapika nyuma ya maabara, na ulinipa sifuri, mjukuu wako wa kuzaliwa. Somo hilo sikulipata mpaka leo. Sijui ndani ya jicho kuna nini. Nimetengeneza macho mawili yanayozunguka na sijui la kweli linafanyaje kazi.

Kwa hiyo naomba unifundishe. Si la ng'ombe. Hilo lako. Daktari akishakulaza, anafanya nini kwanza, kisha nini, na lenzi inatokea wapi? Niandikie hatua kwa hatua, kama ulivyokuwa ukituandikia ubaoni, kwa namba. Usiruke kitu kwa kunionea huruma. Nikitaka kutapika, hapa uani kuna nafasi ya kutosha.

Mwanafunzi wako wa sifuri


20 Aprili

Mwanafunzi wangu,

Ile sifuri ilikuwa halali. Lakini ombi la kurudia somo sijawahi kulikataa. Nilimwendea daktari siku ya Jumanne nikiwa na daftari, nikamwambia sikuja kupasuliwa, nimekuja kuuliza kwa niaba ya mwanafunzi. Alinijibu kwa sauti kubwa, kila nililouliza. Kaa vizuri.

Kwanza ujue mtoto wa jicho ni nini. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ndogo kuliko kifungo cha shati, ndani ya kifuko chembamba sana. Ukizaliwa ni angavu kama maji. Miaka ikienda inakuwa kama ute wa yai uliotiwa kwenye kikaango: ule ule, mahali pale pale, ila umekuwa mweupe. Hakuna kitu kigeni kilichoingia. Ni dirisha lenyewe limegeuka ukuta.

1. Wanatia matone ya ganzi. Jicho linabaki wazi lakini haliumi.

2. Daktari anakata ukingoni mwa kioo cha mbele. Nilimuuliza ukubwa. Akanichorea kistari kwenye daftari langu, nikatoa kioo cha kukuzia na bado sikukiona, ikabidi anishike kidole akiweke juu yake. Haifiki milimita tatu.

3. Anatoboa duara kwenye uso wa kile kifuko. Kifuko chenyewe hakitolewi.

4. Anaingiza kijichuma chembamba kinachotikisika kwa kasi, kinaivunja ile lenzi nyeupe mle mle ndani.

5. Kijichuma hicho hicho kinavuta vipande, kama mtu anavyonywa kwa mrija.

6. Lenzi mpya inaingia ikiwa imekunjwa, inajikunjua yenyewe ndani ya kifuko kile cha zamani.

7. Wanafunika jicho. Mara nyingi hata uzi hawatumii.

Nilipofika hapo niliinua kalamu tena niandike ya nane. Nikalifungua daftari, nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Hakuna ya nane.

Nimekaa na karatasi hii muda. Barua yangu kwako, kwa mwendo wa macho yangu, imenichukua siku mbili kuiandika. Yeye alisema jicho moja ni dakika ishirini. Na sikuona mahali popote kwenye hatua hizo saba panapofanana na mkasi wangu na ndoo yangu. Nilikuwa napasua macho yaliyokufa, ili yafunguke yote, ili watoto waone. Yeye anafanya kinyume. Miezi yote hii nilikuwa naliogopa somo langu mwenyewe.

Najua ulichonifanyia. Usidhani sikuona, hilo niliona hata kwa macho haya. Lakini swali lilikuwa zuri na limeulizwa kwa adabu, na nimekufutia ile sifuri.

Jicho la kulia ni tarehe 6 Mei. La kushoto wiki mbili baadaye. Mama yako ameomba ruhusa kazini. Naogopa, nakwambia wazi. Ila sasa naogopa hatua saba, na hatua saba zinahesabika.

Mwalimu wako


8 Mei

Mwanangu,

Nimekupigia hukupokea, kwa hiyo nakuandikia hii fupi niitie kwenye gari la vifurushi la saa sita. Imekwisha salama. Bibi yako hakunyamaza. Tangu matone ya ganzi alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, na alipofika ya nne akamwambia daktari, "Hapo ndipo unapovunja." Daktari akasema, "Ndiyo, mwalimu." Alipofika ya sita akamuuliza kama imeshajikunjua. Nesi wa pale alilazimika kutoka nje kucheka. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika mkoba wake, nikihesabu naye kimoyomoyo kama mwanafunzi, ingawa pasuaji hizi nimeziona mamia.

Leo wamemfungua. Kwanza alitazama ukuta. Akasema, "Kumbe huu ni wa kijani." Halafu akanitazama mimi muda mrefu, na aliyosema hapo nitayaweka mwenyewe.

Subiri barua yake. Amesema nisikueleze chochote, ataeleza mwenyewe.

Mama


3 Juni

Mume wangu mdogo,

Nakuandikia kwa macho mawili, bila kioo cha kukuzia, na tazama mistari yangu. Sitaki sifa, tazama tu.

Nina malalamiko. La kwanza, nyumba yangu ni chafu. Miaka miwili watu wameingia humu, wamekunywa chai kwenye vikombe vyenye utando wa kahawia ndani, wakashukuru wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Mshonaji nilimuuliza kwa nini. Akasema alidhani ndiyo rangi yake. Mama yako kabla hajarudi kazini alinikuta juu ya kiti nafuta buibui, akanishusha kama mtoto. Daktari amenikataza kuinama na kubeba vitu vizito. Hakutaja viti.

La pili, hakuna aliyeniambia nimezeeka. Nilikwenda kunawa uso, nikamkuta pale kwenye kioo mama yangu mzazi. Nikamsalimia. Ikabidi nizoee kwamba ni mimi. Siku tatu nimekuwa nikipita pale, nasema shikamoo, na kioo kinanijibu shikamoo.

Sasa kifurushi chako cha picha. Zimefika zote nne, na safari hii hakuna Bosi peke yake. Barua zako za tangu mwaka juzi nazo nimezisoma upya, zote, asubuhi moja, na nimegundua kuna mizaha mingi niliyoikosa. Lile la kuiba benki nilikuwa nimesoma "kuoa Beki". Nilijiuliza huyo Beki ni nani, nikaona nisikulazimishe kusema.

Fuvu nimelitazama. Mfupa wa shavu unatoka kisha unarudi, na chini yake kuna uwazi, ndivyo hasa. Taya umelipa nafasi ya kupumua. Kwenye picha ile ya dirishani, ambapo watu wawili wamesimama nje wanaonyesha kidole, nimeona kibao kidogo chini yake: "Limetengenezwa hapa kwa mkono." Kazi hiyo ningeipa alama za juu hata kama nisingekuwa mkeo, na mwambie hivyo mwenye duka.

Lakini nitakuambia ukweli. Fuvu nililitazama kwa muda ambao adabu inataka. Kisha nikamtazama huyo kijana aliyesimama pembeni yake na kitambaa begani. Ana ndevu.

Ulikuja Desemba. Ulikaa siku nne. Ulikula mezani mbele yangu kila siku, ukanisomea gazeti, ukanishika mkono kunivusha barabara, na mimi niliona kitu cheusi chini ya pua yako nikadhani umekaa vibaya na mwanga. Nilikuaga kituoni nikakushika uso kwa mikono miwili, nikahisi unakwaruza, nikasema moyoni huyu mtoto hajanyoa kwa sababu ya safari. Kumbe ni ndevu za mtu mzima, zimekaa, zimechongwa. Na kwenye kona ya jicho una mistari miwili midogo, ile ya watu wanaocheka. Sikujua. Nilikuwa namwandikia mtu ambaye uso wake niliacha kuuona bila kuaga.

Nimeiweka picha hiyo dirishani, pale ninapokaa kuanzia saa nne. Sihitaji tena kuhama na jua, lakini nahama nalo.

Njoo ukipata ruhusa. Usinyoe.

Mkeo wa kwanza,
Bibi